Kila Tangi Lirudi Tupu

Mheshimiwa Marcella Dietz, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kaunti ya Vosberg. Waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri. Mchungaji wetu, uliyetuombea kwa ufupi, Mungu akuzidishie. Wakuu wa idara. Ndugu mafundi na madereva wa malori ya theluji, mliokaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, mkiitwa mtoke bila kuaga. Na ninyi majirani mliofuata kahawa na jibini la kukaanga, msikatae, nawajua. Nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Hotuba niliyoandikiwa na ofisi ninayo hapa mkononi. Kurasa nne, zimepigwa chapa vizuri. Inasema kwamba mimi, Ardis Thorvig, nimekuwa afisa manunuzi wa idara ya barabara kwa miaka thelathini na mmoja, na kwamba mimi ndiye mama wa barabara salama na maji safi katika kaunti hii. Jana niliisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye hayo maji safi, naifunga. Basi naiweka chini. Mtaniwia radhi nikirukaruka. Leo hata kusimama mahali pamoja siwezi, na mikono yangu sijui niiweke wapi.

Tumeitana hapa karakana kufungua matangi haya mapya ya maji ya chumvi, na kuniaga. Lakini saa nane mchana, kahawa ikishanyweka, Halmashauri itapiga kura juu ya mambo mawili: tumwage nini barabarani kuyeyusha barafu majira haya ya baridi, na nani awe mkuu wa barabara za baridi. Majina matatu yamependekezwa. La Verlyn Kaczor halimo. Yule pale, mwenye ovaroli, aliyesimama wakati viti vipo. Halimo kwa sababu ya barua moja iliyo kwenye faili lake, na chanzo cha barua hiyo ni mimi. Nikikaa kimya mpaka saa nane, nitakuwa nimemzika mtu akiwa hai, kisha nikala keki juu yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, kama ulitaka hotuba ya kuaga yenye vicheko, nisamehe. Na usiangalie saa, mama. Naiangalia mimi kwa niaba yetu sote.

Nianzie kisimani kwangu. Wengi wenu mnajua nyumba yetu iko bondeni, chini ya kilima ambapo zamani lundo la chumvi ya mawe ya kaunti lilikaa bila paa, mvua yake, jua lake. Siku moja marehemu mume wangu Leland akaonja kahawa, akanitazama, akasema, "Mke wangu, leo umepika supu?" Tukacheka. Wiki iliyofuata tukapeleka maji kupimwa. Chumvi! Na Leland huyo ndiye ambaye daktari alimkataza chumvi kwa sababu ya moyo. Mezani nimeificha hata ile ya mayai, kumbe anainywa bombani asubuhi, mchana na jioni. Nani aliinunua chumvi ile? Nani alitia sahihi, mwaka baada ya mwaka, tani kwa tani? Mkewe.

Ndipo nikaapa. Nikasema, chumvi basi, yatosha. Nitatafuta dawa ya barafu iliyo rafiki wa mazingira hata nikatafute chini ya ardhi. Na mtu akitafuta kwa hasira, jamani, hupata upesi sana.

Nikapata maji mazito ya viazisukari, ya rangi ya kahawia, kwenye mapipa yenye picha ya jani la kijani ubavuni. Mwuzaji alikuwa kijana wa maneno matamu kuliko bidhaa yake. "Ni salama, mama," akasema, "hata kunywa unaweza." Kwangu mimi hilo neno lilitosha. Mnakumbuka nilichofanya mbele ya Halmashauri? Wengine mlikuwapo. Nilimimina nusu glasi, nikanywa, nikafuta midomo, nikageuza glasi juu chini. Mlipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Mheshimiwa Dietz, wewe ulisimama kabisa.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Verlyn, ambaye wakati huo ndiye alikuwa msimamizi wa madereva, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bi Ardis, tumbo lako zima?"

"Zima, tena limefurahi," nikamjibu.

"Basi hongera. Ila ziwa si tumbo. Wewe ukishiba utakwenda chooni. Lile Ziwa Hulda litakwenda wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona nimeibiwa sherehe yangu. Akaendelea, taratibu kama anavyosema siku zote: "Nipe barabara moja tu, msimu mmoja tu, na ndoo ya maji ya mtaroni nipeleke kupimwa. Mwakani tutajua tunachonunua."

Nikamwambia, "Verlyn bwana, kwako kila kipya ni adui. Kaunti ilikupa simu, ukaifungia kwenye sanduku la spana!"

Ukumbi ukaangua kicheko, safari hii wakimcheka yeye. Akakaa. Nami nikaona raha. Ndugu zangu, karatasi ya maelezo ya bidhaa ile ilikuwa na kurasa tisa, na ukurasa wa sita ulikuwa na mstari unaosema ikiingia majini kwa wingi itaozea humo na kuwamalizia viumbe hewa. Niliuona mstari huo kwa macho yangu haya. Sikuuelewa, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunywa.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penyewe.

Madereva wetu wana mila yao, na waliirithi kwa baba zao: lori halirudi na mzigo. Chumvi ya mawe ikilala kwenye bodi la lori hugandana ikawa jabali, asubuhi unaipiga sururu huku mzunguko wako unakungoja. Kwa hiyo kila dereva, kabla ya kurudi, humwaga masalio mahali pa kugeuzia. Hawaiti kumwaga ovyo. Wanaiita "kumalizia." Na barabara ya Hulda inaishia wapi? Kwenye uwanja wa kushushia mashua, mita kumi kutoka majini. Kila mtu alijua. Mimi nilijua. Hatukuwahi kuliandika popote, na kwa hiyo tulijiona hatulifanyi.

Yakaja maji ya viazisukari. Desemba ile mafundi wakaanza kulalamika: yakibaki tangini yanachacha, yanaziba mabomba, yanatoa povu na harufu ya pombe mbaya. Simu yangu ikawa haitulii. Nami, ambaye bidhaa ile ilikuwa mtoto wangu, sikutaka kusikia mtoto wangu anasemwa. Nikachukua karatasi, nikaandika tangazo, nikalibandika juu ya mashine ya kahawa, na kila dereva akapewa nakala. Lilisema hivi: "Kuanzia leo, kila tangi lirudi tupu. Udhuru hautapokewa. A. Thorvig."

Verlyn akaja ofisini kwangu, theluji bado mabegani.

"Ardis, tangi lirudi tupu, sawa. Lakini tupu kwa kumwagia wapi?"

"Barabarani, Verlyn. Wapi tena?"

"Barabara ikiwa imekwisha lowa? Unajua watakwenda kumalizia wapi."

"Wewe ndiye msimamizi wao. Simamia."

Maneno yangu hayo. "Simamia." Nikarudi kwenye karatasi zangu. Malori kumi na moja, ndugu zangu, na kila moja likirudi tupu kama nilivyoamuru.

Januari Leland akafariki. Mlikuja wote, mkaleta vyakula mpaka jokofu likakataa kufungika. Verlyn alisafisha njia ya makaburini kwa koleo, kwa mikono, kwa sababu alisema lori lingeleta kelele. Sijawahi kumshukuru kwa hilo. Nakushukuru leo, Verlyn, na ninajua nimechelewa.

Mwisho wa Machi barafu ya ziwani ikaanza kulegea, wavuvi wakavuta nchi kavu vibanda vyao vya kuvulia juu ya barafu. Asubuhi moja dereva wetu Kong Meng Lor akanipigia. Anavua pale na mama yake tangu utoto.

"Bi Ardis, njoo Hulda."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Usivae viatu vizuri."

Nikaenda. Samaki walikuwa wamelala ubavu, weupe, kutoka kwenye uwanja wa mashua mpaka yanakoanzia matete, na harufu yake hata leo nikifunga macho inanifuata. Utamu ule ulikuwa umeozea chini ya barafu wakati wote wa baridi, ukila hewa ya samaki, na juu kifuniko kimefungwa, hewa nyingine hakuna pa kuingilia. Mama yake Kong Meng alikuwa amebeba ndoo yake ya kila mwaka. Alitazama, akaiweka chini, akarudi kukaa garini.  Afadhali angenitukana.

Wataalamu walikuja, wakapima, wakasema kilichoua ziwa ni wingi wa bidhaa uliomwagwa pale mwisho wa barabara. Halmashauri ikauliza: nani aliamuru? Nikaombwa mimi niandike taarifa, mimi hasa! Nikaandika: "Madereva, chini ya msimamizi wao, walitumia bidhaa kinyume cha maelekezo ya kiwanda." Utafute uongo humo, huupati. Kiwanda kilisema inyunyizwe kidogo kidogo barabarani, na kweli madereva hawakufanya hivyo. Lakini lile tangazo juu ya mashine ya kahawa? Lilikuwa halipo tena. Mkono ulioliondoa ni huu.

Verlyn akasomewa barua ya karipio humu humu, mbele ya vijana wake, akasimama wima na kofia mkononi. Akashushwa usimamizi, akapelekwa benchi la mafundi kubadilisha visu vya malori vya kukwangulia theluji. Mtu aliyeomba ndoo moja ya maji ya mtaroni, ndiye aliyeadhibiwa kwa ajili ya ziwa zima!

Na huko kwenye benchi, mnadhani alikaa akinuna? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alianza kupima malori moja moja, akakuta yanamwaga chumvi mara mbili ya ile inayoonyeshwa na mshale wa kipimo. Mara mbili! Miaka yote nilikuwa nagombana na chumvi, kumbe ugomvi wangu ulikuwa na kipimo. Akatengeneza. Kisha akaenda kiwanda cha jibini, akaomba yale maji ya chumvi wanayoloweka jibini, ambayo walikuwa wakilipia kuyatupa, na safari hii akafanya alichokuwa akitaka tangu mwanzo: barabara moja, msimu mmoja, ndoo ya mtaroni kila Jumatatu. Akagundua yanafaa, lakini si karibu na ziwa, kwa kuwa nayo yana uozo wake. Karibu na ziwa, akasema, tulowanishe barabara kidogo kwa maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka ili barafu isishike, kisha tukwangue mara nyingi zaidi, na mwendo upunguzwe. Msimu uliopita tulitumia nusu ya chumvi ya zamani. Kisima changu kimeanza kupona, polepole, kwa jinsi visima vinavyopona. Leland hakukaa kuyaonja hayo maji.

Matangi haya tunayofungua leo ni wazo la nani? Hotuba ya ofisi inasema ni langu. Jamani! Mchoro wa kwanza nimeuona mwenyewe, umechorwa nyuma ya boksi la jibini, kwa mwandiko wa Verlyn, na umepakwa grisi.

Bi Jolene Paquette, wewe unayerithi kiti changu, nikuambie jambo moja, maana sitakuwa na nafasi nyingine ya kukuchosha. Watakuja wauzaji wenye majani ya kijani kwenye mapipa. Watakuambia hii haina madhara. Mwulize kila mmoja: ikiingia kisimani inafanya nini? Ikioza ziwani inakula nini? Baridi ikizidi kiasi gani inaacha kufanya kazi? Na masalio, binti yangu, masalio yanakwenda wapi? Fomu yetu ya zabuni ina maswali arobaini na mawili, na hakuna hata moja linalouliza habari za ziwa. Dawa ya barafu isiyodhuru kitu bado sijaiona, na nimetafuta. Nilichoona ni kingi kinachoua na kidogo kinachovumilika. Kipime kinachotoka na kinachorudi, na wasikilize wanaokimwaga, hasa yule asiyepiga makofi.

Sasa narudi kwenye barua.

Wiki iliyopita Kong Meng alikuja kunisaidia kubeba maboksi ya ofisini. Tukiwa ngazini akasema, "Bi Ardis, unajua zile nakala za tangazo lako tulikuwa nazo sote?"

Nikaliweka chini boksi nililobeba. Nikamwuliza, "Ziko wapi?"

"Mzee Verlyn alizikusanya. Siku ya barua ile tulimwambia, mzee, karatasi tunazo, tuzitoe, wakuache! Akatukatalia ng'o. Akasema, 'Mama wa watu katoka kuzika. Mwacheni apumue.'"

Nikapumua. Nimepumua miaka miwili na nusu kwa pumzi ya mtu mwingine.

Naona nyuso zenu. Naona Mheshimiwa Dietz ana leso mkononi, na Mchungaji anatikisa kichwa kwa upole, na najua mnachowaza: maskini Ardis, alikuwa na msiba, akili haikuwa yake. Mlivyo na huruma, mtanipa udhuru kabla sijauomba. Nawasihi msinipe. Verlyn alinipa kwa sababu hakujua. Nyinyi nawaambia ili mjue.

Leland nilimzika Januari. Taarifa ile niliiandika Mei. Madirisha yalikuwa wazi, ndege wanapiga kelele, kikombe cha kahawa pembeni. Niliiandika kwa siku mbili, nikaisahihisha mara nne, nikachagua kila neno kama mtu anayechagua mayai. Mjane aliyechanganyikiwa haandiki hivyo. Sikuwa nimechanganyikiwa, ndugu zangu. Niliogopa. Niliogopa kuwa yule mwanamke aliyekunywa glasi mbele yenu akapigiwa makofi, na baadaye kuonekana mjinga. Basi nikamtoa mtu mwema kafara ili nisichekwe. Ndilo lote. Halina kina kingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tangazo lenyewe hili hapa, lina gundi bado kwenye pembe zake nne, na sahihi yangu chini. Nilipolibandua sikulichoma, mwoga hata kuchoma aliogopa. Nakukabidhi mbele ya mashahidi. Hii nyingine ni taarifa mpya, ya ukurasa mmoja, nimeiandika leo asubuhi na haikuhitaji kusahihishwa. Kama Halmashauri itaona ninastahili adhabu, pensheni yangu iko chini ya mamlaka yenu na anwani yangu mnayo. Lakini barua ya Verlyn ilisomwa kwa sauti katika karakana hii, mbele ya watu wake. Naomba ifutwe kwa sauti, katika karakana hii, mbele ya watu wake, kabla ya saa nane, na jina lake liwekwe pale lilipostahili kuwa tangu mwanzo. Baada ya hapo pigeni kura mtakavyo. Akishindwa, ashindwe kwa makosa yake, kama anayo.

Verlyn, nimebakiza neno moja nalo ni lako. Nilikutania mbele ya watu, kwa hiyo sitakuomba msamaha pembeni kwenye mashine ya kahawa. Nilikukosea, nikijua. Nilikuona kila asubuhi kwa miaka miwili na nusu ukiwa umepiga magoti chini ya lori, nikakuambia "habari za kazi," ukanijibu "nzuri, Ardis," na nikaenda kuketi kwenye kiti chenye joto. Naomba unisamehe. Usinijibu kwa sababu watu wanatazama. Ukiona huwezi, pia ni haki yako, nami nitaishi na hilo.

Kwenu nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuniaga mimi, mtu mliyedhani mnamjua, nashukuru mno. Mmenivumilia, mmenisikiliza mpaka mwisho, Mungu awabariki. Mimi nakaa. Verlyn, kipaza sauti hiki hapa, kama unakitaka.